Mdogo wangu hamalizi mtihani: ni ADHD au OCD?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Tangu mwaka jana matokeo yake yameporomoka. Walimu wanasema hamalizi mtihani, anaandika na kufuta, muda unakwisha bado yuko maswali ya mwanzo. Nyumbani akiingia kutia udhu anakaa bafuni mpaka wenzake wanatoka msikitini. Akitoka ananiuliza kama nilimwona akipaka maji kichwani. Mwalimu mmoja amesema ana ADHD, na video nyingi nilizoangalia zinasema hivyo hivyo: hana umakini, anachelewa, hamalizi kitu. Binamu yetu anayesoma uuguzi anasema ni OCD. Shangazi anasema ni jini. Mimi mwenyewe napoteza funguo kila mara, naanza mambo kumi simalizi hata moja, na nikitoka nyumbani narudi kuangalia kama nimezima jiko la gesi. Je, na mimi ninayo hiyo hiyo? Tumpe dawa gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Niseme mapema kwamba siwezi kumpima mdogo wako kwa barua, na anayekupa jina la ugonjwa bila kumwona kijana mwenyewe usimsikilize sana. Lakini barua yako imebeba habari nyingi kuliko unavyodhani. Mtihani haukunishtua. Kilichonishtua ni lile swali anakuuliza akitoka bafuni.

Tuanze na mwalimu, kwa sababu alichokiona amekiona kweli. Kijana hamalizi. Tatizo ni kwamba kutomaliza ni matokeo tu, na matokeo hayo yana njia zaidi ya moja. Waweke wanafunzi wawili kwenye chumba kimoja cha mtihani. Wa kwanza anasoma swali, kabla hajafika mwisho wa sentensi akili imeshatoka nje kwa wanaopita uani. Anarudi, anaruka swali la pili, anajumlisha palipotakiwa kutoa, na hagundui kabisa kwamba nyuma ya karatasi kuna sehemu C. Ukimwambia apitie kazi yake kabla ya kukusanya, hilo ndilo jambo asilolitaka duniani. Wa pili amelisoma swali, amelielewa, jibu analijua na ameliandika. Ndipo linapoanza: je, nimelisoma sawasawa? Kama kulikuwa na neno "si" nikalipita? Hii herufi mbona haijakaa vizuri? Anafuta. Anaandika upya. Anasoma tena tangu mwanzo. Kengele inapolia ana majibu manne safi kabisa na karatasi iliyobaki ni nyeupe.

Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa atawaandikia wote wawili "hana umakini". Kwa yule wa kwanza ni kweli kwa namna fulani. Kwa wa pili ni kinyume chake: umakini anao, tena umezidi, ila umeganda mahali pamoja na haumwachi aende mbele. Wa kwanza jambo halikuingia akilini. Wa pili liliingia, ila hawezi kuliamini. Ukishika tofauti hiyo utaelewa sehemu kubwa ya yanayofuata.

Kwa majina, ADHD ni tatizo la upungufu wa umakini, pamoja na utukutu na kutenda bila kufikiri kwa baadhi ya watu. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani waliliita ADD, wakabadilisha mwaka 1987, ndiyo maana bado unakutana na majina yote mawili mitandaoni. Ni la ukuaji wa ubongo, maana yake mtu huwa nalo tangu utotoni. Miongozo inataka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, na zionekane zaidi ya sehemu moja, si shuleni peke yake. OCD ni kitu kingine. Ina sehemu mbili zinazoshikana: mawazo, picha au shaka zinazomjia mtu bila kuzitaka na kumtia hofu au karaha, halafu matendo anayojiona amelazimika kuyafanya ili hofu ipungue. Kuosha, kukagua, kurudia, kuhesabu, kuuliza. Mengine hufanyika kichwani kimyakimya, kama kusoma dua moja mara kadhaa mpaka "ikae sawa", na hayo nyumba nzima hamtayaona. Mtu akipoteza zaidi ya saa moja kwa siku kwenye mambo haya, au yakimvurugia masomo na maisha, hapo tunalitazama kama ugonjwa. Mara nyingi huanza mwishoni mwa utoto au katika ujana.

Sasa rudi kwenye barua yako: "tangu mwaka jana." Maneno hayo matatu ni mazito. ADHD haianzi mtu akiwa na miaka 15. Inaweza kujificha, hasa kwa mtoto mwenye akili nyepesi au mwenye mama anayemsimamia kila kitu, kisha ikajitokeza masomo yanapokuwa magumu. Kwa wasichana watulivu hujificha zaidi, kwa kuwa watu wamezoea kumtafuta mvulana anayeruka juu ya madawati. Lakini ukifukua utaikuta kule nyuma. Muulizeni mama, tafuteni ripoti zake za darasa la pili na la nne. Kama walimu wa shule ya msingi walikuwa wanaandika "mtulivu, nadhifu, makini", ADHD inakuwa mbali. Kama waliandika "anasahau madaftari, anaota mchana, anaweza zaidi ya hapa", basi tuiweke mezani.

Kuhusu bafuni. Watu hudhani OCD ni kupenda usafi, na wengine huisema kwa utani: "mimi nina OCD, sipendi vitu shaghalabaghala." Anayependa usafi hufurahia nyumba safi. Mwenye OCD hafurahii. Anateseka, na mara nyingi anajua wazi kwamba anachofanya kimepita kiasi. Mdogo wako haingii bafuni kwa raha ya maji. Anaingia na shaka: je, maji yamefika kwenye kisigino? Je, nilitia nia? Je, kichwa nilikipaka? Anarudia, moyo unatulia kidogo, kisha shaka inarudi ikiwa na nguvu zaidi. Ni kama kukuna upele: utamu wa dakika moja, na mahali penyewe panazidi kuwasha.

Kinachowashangaza wagonjwa wangu wengi ni kwamba mawazo yenyewe si ya ajabu. Mwaka 1978 watafiti wawili wa London, Stanley Rachman na Padmal de Silva, waliwauliza watu wasio na ugonjwa wowote kama huwajia mawazo mabaya wasiyoyataka, ya kumdhuru mtu, ya aibu, ya kutisha. Wengi walikiri kwamba huwajia, na kwa maudhui hayakutofautiana sana na ya wagonjwa. Tofauti iko katika kinachofuata. Mtu mwingine anasema "loo, wazo gani hili" na anaendelea kumenya vitunguu. Mwenye OCD analichukua wazo kama ushahidi: kama nimelifikiria, huenda mimi ni mtu mbaya, lazima nifanye kitu. Kile kitu anachofanya ndicho kinacholipa wazo uhai. Ndiyo maana ningependa mtu amuulize kijana kwa upole, faraghani, kama kuna mawazo mengine anayoyaficha. Vijana wengi wacha Mungu hubeba mawazo ya kukufuru au ya kumuumiza wanayempenda na wanaona wamelaaniwa. Hawayatamani. Yanawatisha kwa sababu ni kinyume na wanachokithamini.

Na kwa nini kurudia kusimpe uhakika? Hapa kuna jaribio ninalolipenda sana, la Uholanzi, la mwaka 2003. Marcel van den Hout na Merel Kindt waliwapa watu wenye afya jiko la gesi la kwenye kompyuta wawashe, wazime, wakague. Kundi moja lilikagua jiko hilo hilo tena na tena. Kundi lingine katikati lilikuwa linakagua taa. Mwishoni wote wakakagua jiko mara moja, wakaulizwa walichokiona. Usahihi wa majibu haukuharibika. Kilichoharibika kwa waliorudia jiko ni ile hali ya kuliona tukio akilini waziwazi, na imani yao katika kumbukumbu yao. Yaani hata mtu mwenye akili timamu, ukimfanya akague kitu mara nyingi, anaanza kujitilia shaka kwa sababu ya kukagua kwenyewe. Mdogo wako anapopaka maji kichwani mara ya saba, mara hiyo ya saba inachanganyikana na sita zilizotangulia, naye hana tena picha safi ya hata moja. Kwa hiyo anakuja kwako.

Nawe unamjibu, sivyo? "Nilikuona, umepaka, nenda." Umefanya hivyo kwa mapenzi, na dada gani angefanya vingine. Ila jibu lako limekuwa sehemu ya ibada ya ugonjwa. Msiache ghafla kesho asubuhi mkamwacha analia. Jambo hili hupunguzwa taratibu, kwa makubaliano naye, vizuri zaidi mkiwa na mtaalamu. Kwa sasa unaweza kumwambia hivi: "Najua shaka inakusumbua, na najua nikikujibu itarudi. Niko hapa na wewe, lakini hilo swali tuliache lipite." Sema mara moja, bila ukali, bila mahubiri.

Shangazi msimgombeze. Kwa dini, mpelekeni kijana kwa sheikh mwenye elimu, kwa kuwa kanuni ya fiqhi inayosema yakini haiondolewi na shaka inamhusu yeye hasa: mwenye shaka za namna hii huambiwa azipuuze na aendelee na swala, si arudie. Hilo linaenda sambamba kabisa na tiba nitakayoieleza. Sheikh akimwongezea mambo ya kuosha na kusoma kwa idadi, au akitaka afungwe na kupigwa, ondokeni. Na mwambieni shangazi kwamba Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuyaeleza mawazo haya yanayong'ang'ania, akayaweka kwenye magonjwa ya nafsi yanayotibika, pamoja na huzuni na hofu. Si mambo ya kizungu.

Upande wa ADHD nao una kanuni zake. Ubongo wa mtu mwenye ADHD unapata shida kuelekeza umakini panapotakiwa, hasa kazi ikiwa inachosha na tuzo yake iko mbali. Kemikali inayoitwa dopamini inahusika sana hapo, na urithi una nguvu kubwa. Mara nyingi nikimpima mtoto, baba aliyemleta anaanza kujitambua. Watu husema "huyu hawezi kuwa na ADHD, mbona anacheza gemu saa nne mfululizo?" Gemu linampa tuzo kila sekunde chache, daftari la historia halimpi. Mtu huyu husahau alichotumwa akiwa njiani, hukata maneno ya wenzake, hukisia muda vibaya, huahirisha mpaka moto uwake. Hatari yake ni kuharakisha kabla hajafikiri. Mwenye OCD hatari yake ni kutoweza kuacha kufikiri.

Je, mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili? Ndiyo, na kwa watoto si nadra, hasa wale wenye mishtuko isiyozuilika ya uso au sauti. Lakini kuna mtego. Kichwa kilichojaa shaka siku nzima hakina nafasi ya hesabu za darasani, kwa hiyo OCD peke yake inaweza kumfanya kijana aonekane na ADHD, hata dodoso la kupima umakini likajaa alama za ndiyo. OCD ikipungua, umakini nao mara nyingi hurudi. Ndiyo maana, picha ikiwa kama uliyonieleza, mimi huanza na OCD na kupima umakini upya baadaye.

Kabla ya yote hayo daktari atataka kuondoa mengine: macho na masikio, usingizi, upungufu wa damu, huzuni, uonevu shuleni, bangi, aina ya kifafa ambayo mtoto anazubaa sekunde chache bila kuanguka. Aulize pia kama aliwahi kuugua malaria iliyopanda kichwani. Utafiti wa Kilifi na wa Kampala umeonyesha inaweza kuacha athari kwenye umakini na kumbukumbu. Hayo si majaribio ya kukuzungusha.

Wewe sasa. Umechanganya vitu viwili kwenye sentensi moja, na ni rahisi kuchanganya. Jiulize: ukirudi jikoni ukaliona jiko limezimwa, unaondoka na amani? Na je, umewahi kulikuta kweli linawaka? Kama majibu ni ndiyo na ndiyo, kurudi kwako ni busara ya mtu anayejijua kuwa ni msahaulifu na ameshaunguza sufuria kadhaa. Shaka yako inaisha ukiona. Ya mdogo wako haiishi hata akiona. Funguo na mambo kumi yasiyomalizika vinaweza kuwa ADHD ya mtu mzima kama vilikuwepo tangu ulipokuwa mdogo na vinakuharibia kazi au mahusiano. Vinaweza pia kuwa uchovu wa mtu anayelea nyumba na kuhangaika na mdogo wake. Pima baada ya kijana kutulia. Huna haraka hiyo.

Dawa, uliyoiuliza mwisho, nami nimeiacha mwisho kwa makusudi. Kwa OCD tiba inayotangulia ni ya mazungumzo na vitendo, iliyoasisiwa na Victor Meyer huko London mwaka 1966: mgonjwa anakutana na kile kinachompa shaka, kidogo kidogo, kuanzia chepesi, na anajizuia kufanya tendo la kujituliza. Anatawadha mara moja na kwenda kuswali akiwa na shaka yake. Anaandika jibu na kufunga karatasi bila kurudi. Hofu hupanda, na asipoilisha hushuka, au anagundua kwamba anaweza kuishi nayo. Ni kazi ngumu, sitaki kukudanganya, na wapo wanaoacha katikati. Lakini zaidi ya nusu ya wanaoimaliza hupata nafuu kubwa, na kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 20. Hesabu mwenyewe: mkianza sasa, mtihani wa kidato cha nne unamkuta ameshapita sehemu ngumu. Kosa la kawaida shuleni ni kumwongezea muda peke yake. Kwa mwenye ADHD muda wa nyongeza unaweza kumsaidia; kwa mwenye OCD isiyotibiwa unakuwa muda wa kufuta zaidi.

Hali ikiwa kali, au mtaalamu wa tiba hiyo hapatikani karibu, kuna vidonge vinavyogusa serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, kama fluoksetini na setralini, na klomipramini ambayo ni ya zamani zaidi. Vinataka subira: wiki 8 mpaka 12 ndipo uhukumu, na mara nyingi kwa dozi kubwa kuliko ya huzuni. Kwa kijana wa umri wake wiki za mwanzo zinahitaji jicho la karibu, maana wachache hupata fadhaa au mawazo ya kujidhuru. Amitriptilini, ambayo hutolewa sana kwenye vituo vyetu, si dawa ya OCD ingawa ni ndugu wa klomipramini. Diazepamu nayo inalaza tu, halafu inazoesha.

Dawa za ADHD ni za aina nyingine kabisa. Methilfenideti huanza kufanya kazi ndani ya saa moja, inawasaidia wengi, na iko chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa za namna hii, kwa hiyo haiuzwi bila cheti cha daktari. Ukimpa kijana ambaye shida yake ni OCD, hutagusa shaka, na wengine huongezewa wasiwasi na kukosa usingizi. Na kwa kuwa najua mnasoma wengi: mirungi na vinywaji vya kuchangamsha si mbadala wake. Vinamwamsha mwenye hofu akaogope zaidi.

Mpelekeni hospitali ya rufaa ya mkoa, muulize kliniki ya afya ya akili. Mkihitaji kwenda mbele zaidi kuna Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, Kidongo Chekundu kwa walio Unguja, na kwa wasomaji wa Kenya na Uganda kuna Mathari na Butabika. Nendeni na ripoti za shule ya msingi, na kwa wiki moja kabla andika anaingia bafuni saa ngapi, anatoka saa ngapi, anauliza nini. Usimpeleleze, mwambie unaandika, na mwombe naye aandike kinachomjia kichwani kabla hajaanza kurudia na anachohisi baada ya kumaliza. Daktari akipata mistari hiyo, nusu ya kazi imekwisha.

Kama ameacha kula kwa kuogopa uchafu, hatoki chumbani, anasikia sauti ambazo wengine hamzisikii, au ametamka kwamba afadhali afe, usisubiri siku ya kliniki. Nendeni naye idara ya dharura siku hiyo hiyo, hata usiku, na asiachwe peke yake hata kidogo mpaka aonwe.